Ati Inanusa Tu

Wanaume wa upande wetu, kutoka Kitale hadi Bungoma, wakiona gari hawaulizi linafika wapi. Hawaulizi kama breki zinashika. Huuliza, "Inakunywa ama inanusa?" Gari linalokunywa ni lile linalomaliza petroli. Linalonusa ni lile ambalo, ukiwasikiliza wao, linaonyeshwa petroli kwa mbali tu nalo linaondoka. Nimewasikia wakiulizana hivyo kwenye vituo vya mafuta, nje ya kanisa na kwenye harusi. Nimewasikia wakiulizana hivyo nyuma ya hema, siku ya kumzika mume wangu, mimi nikiwa nimeketi ndani ya hema na jeneza likiwa mbele yangu. Turubai halizuii sauti. Tangu siku hiyo nikilisikia neno hilo naona kama mtu ametema mate karibu na mguu wangu.

Sikusoma sana. Niliishia darasa la nane, na magari nimeyajua kwa kukaa kiti cha kando. Lakini nilikaa kiti hicho miaka mingi.

Kazi ya mume wangu ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mrija, bila fahali. Tuliishi Matisi, hapa Kitale, lakini wateja wake wengi walikuwa kwao, kule juu kati ya Sirisia na Cheptais, ambako mlima unaanza na lami inaisha. Ng'ombe akitaka ndume hangoji barabara ikauke. Mkulima anapiga simu asubuhi, na usipofika siku hiyo umempotezea mwezi mzima wa maziwa, naye hatakupigia tena. Ndiyo maana mume wangu alinunua kigari cha fobaifo, yaani kinachoweza kuvuta kwa magurudumu yote manne, kifupi, cha mraba kama debe, kilichotoka Japani kikiwa kimeshachoka kidogo.

Kigari hicho huja na sura moja na injini mbili. Kuna cha injini ndogo, ambacho watu hukiita mia sita sitini, na kuna cha elfu moja mia tatu. Ukiwa mbali huwezi kuvitofautisha, isipokuwa hiki cha pili kina matao mapana ya plastiki juu ya magurudumu. Mume wangu alichukua cha pili. Alikuwa ameendesha cha mia sita sitini cha rafiki yake mlimani, na alisema kikiwa na watu wawili na ule mtungi wa baridi wa kuhifadhia mbegu, kinapanda kwa kulia, mguu umekanyaga mafuta hadi chini, na mwisho wa siku kimekunywa sawa na kikubwa na bado kimechelewa.

Sitaki kusema uongo kwa sababu tu kuna mtu namdharau. Kwenye lami kile kidogo kilikuwa kikitushinda wazi kabisa. Letu lilikuwa linakunywa. Lina umbo la sanduku, linapigana na upepo njia yote, na kuna wiki tuliongea vibaya nyumbani kwa sababu pesa za unga zilikuwa zimeingia kwenye tangi. Mume wangu alilipenda gari hilo kuliko ilivyofaa. Alilifuta vumbi kwa fulana zake ambazo hazijazeeka. Hayo pia ni kweli.

Kazi yangu mimi ilikuwa habu. Katikati ya kila gurudumu la mbele kulikuwa na kifundo cha chuma cha kuzungushwa kwa mkono, nacho ndicho mafundi wanakiita habu. Ukikifungua, magurudumu ya mbele yanajizungukia tu na gari linasukumwa na ya nyuma. Ukikifunga, na dereva akivuta ile gia ndogo iliyo kando ya gia kubwa, nguvu zinakwenda mbele pia kupitia chuma kirefu kilicho chini ya gari, propela ya mbele. Tukifika mwisho wa lami mume wangu anasimama, nami nashuka na mabuti yangu ya mpira, nazungusha upande wangu, napita mbele ya taa, nazungusha upande wake, nampigia boneti mara moja kwa kiganja. Halafu tunapanda. Tukirudi kwenye lami nashuka tena nafungua. Hatukuwa tukiambizana. Sijui wengine wanapendana vipi, sisi tulipendana hivyo.

Sasa huyo shemeji yangu. Ni mdogo wa marehemu, anafanya kazi katika ofisi moja ya serikali mjini Bungoma, na alikuwa na gari kama letu, lakini la mia sita sitini. Sijawahi kukutana na mtu aliyejali petroli kiasi kile na asijali kitu kingine chochote. Akifika kwenye mteremko alikuwa anaweka gari nyutro. Ukiwa mrefu alikuwa anazima injini kabisa, gari linashuka kimya kama baiskeli, usukani mgumu, watoto wake nyuma wanaimba. Hakuwasha kipanguzi cha kioo mpaka mvua iwe ya kweli kweli, akiamini hata hicho kinakula. Kila alipokuja kutuona Matisi, kabla hajaulizia hali ya kaka yake, ambaye wakati huo alikuwa ameanza kukonda, alitueleza ametumia kiasi gani kutoka Bungoma. Kisha anauliza letu linatumia kiasi gani. Mume wangu anamwambia ukweli, naye anatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za ulevi.

"Kaka, hii injini itakumaliza," alikuwa anasema. "Yangu inanusa tu, bana."

Haikuwa injini iliyommaliza.

Tulimzika kwao, juu ya Sirisia. Sitaeleza siku hiyo zaidi ya nilivyokwisha kusema. Siku ya tatu baada ya mazishi ilikuwa ya kunyolewa. Mimi ni mtoto wa watu waliotoka Mkoa wa Kati wakapewa shamba Trans-Nzoia, na kwetu hatuna siku hiyo, lakini nilikuwa nimeshaiona mara nyingi kwa wakwe zangu na ninaiheshimu. Wafiwa wananyolewa, halafu mzee mmoja wa ukoo anaongoza maneno. Mwenye kitu cha marehemu anakitaja, aliyempa marehemu kitu anasema, na mambo ya nyumba yake yanapangwa mbele ya watu wote. Lililosemwa pale ndilo limesemwa. Ukitaka kulibadilisha huendi kunong'ona jikoni. Unangoja watu wale wale wakae tena.

Ilipofika zamu ya gari, shemeji alisimama, kichwa kikiwa kimetoka kunyolewa, kinang'aa. Alisema gari likikaa Matisi litaozea mvuani. Alisema mimi siendeshi. Alisema gari lenyewe linakunywa sana na litanimaliza, kwa hiyo yeye, kwa huruma, atalitunza. Wengine wakaitikia. Mmoja akaongeza, kwa sauti ya kusikika, ati watu wa kwetu huolewa na mali, mwenye mali akifa wanaondoka na mali. Watu wachache walicheka. Nilikuwa na kitambaa kichwani juu ya ngozi isiyo na nywele. Mimi sijui kulia mbele ya watu, na kujibu pia sijui. Gari likaondoka na shemeji siku hiyo hiyo. Nililisikia likishuka, na nikasikia pale alipozima injini.

Nilichopoteza hakikuwa gari la kutembelea. Chama cha wafugaji cha kule juu kilikuwa kimepata mpandishaji mwingine, kijana mwenye cheti lakini asiye na gari, na walikuwa wamenitumia neno kwamba wangelikodi letu kila mwezi. Kodi hiyo ndiyo ingekuwa karo na unga wa nyumba yangu. Bila hiyo nilikuwa na meza ya nyanya na vitunguu pale Matisi, na watoto watatu. Nilimweleza shemeji kwa simu. Akaniambia gari la marehemu halikodishwi kwa watu wa nje, ni kumkosea heshima.

Heshima. Kabla miezi mitatu haijaisha alikuwa ameuza lile lake la mia sita sitini. Nilimsikia mwenyewe akimweleza mtu sababu, ati lilikuwa halina nguvu, ukibeba watu wanne linahema. Aliyekuwa amehubiri injini ndogo tangu nimjue sasa alikuwa anatembelea injini kubwa ya kaka yake, na alitaka inywe kama ndogo. Nguvu alizitaka, bei yake ndiyo hakutaka kulipa.

Siku moja ya Jumamosi akaja nalo Matisi. Alisimama mbele ya meza yangu ya nyanya, hakushuka, akateremsha kioo.

"Shemeji, hii sasa hainywi tena," akasema. "Nimeitibu."

Nikamuuliza ameitibu vipi. Akasema fundi mmoja Bungoma amemfungulia propela ya mbele, lile lichuma, wameliondoa kabisa. Fobaifo ndiyo ilikuwa inakula mafuta, na nani anahitaji fobaifo siku hizi, barabara ni lami. Inanusa tu, shemeji. Inanusa.

Niliinama kama anayeokota nyanya nikaangalia chini ya gari. Pale palipokuwa na chuma palikuwa na nafasi, na mafuta mazito yaliyokaukia kwenye mdomo uliobaki wazi, mtu ameufunga kwa mfuko wa nailoni na mpira wa kukatwa. Nikaangalia magurudumu ya mbele. Habu zilikuwa zimefunguliwa, kama nilivyoziacha mimi mara ya mwisho kwa mkono wangu. Habu zikiwa wazi, gari likitembea, chuma kile kinalala tu. Hakizunguki, hakili kitu. Alikuwa amemng'oa meno ng'ombe aliyelala akidhani ameokoa majani. Na alikuwa amemlipa mtu kwa kazi hiyo.

Sikumwambia. Nilimuuliza tu chuma kiko wapi.

Akacheka. "Kiko nyumbani, kinashikilia mgomba. Ule wa nyuma ya jikoni, ulikuwa unataka kuanguka na mkungu."

Alinunua nyanya za bei ya chini, akaomba nimwongezee moja, akaondoka. Usiku sikulala vizuri. Chuma ambacho mimi na mume wangu tulikuwa tunakiamsha kwa mikono yetu kwenye matope kilikuwa kimesimamishwa nyuma ya jikoni ya mtu kuegemeza ndizi.

Mwaka ulipokaribia kwisha ukoo ulikubaliana kulitia kaburi saruji. Mama mkwe ndiye aliyetaka. Alikuwa mzee sana, akiishi Bungoma kwa huyo mwanawe mdogo kwa sababu ya dawa zake, na alisema anataka kuliona kaburi likikamilika miguu yake ingali inasimama. Watu wale wale waliokaa siku ya kunyolewa wangeketi tena. Nilijua hivyo nilipokuwa napiga pasi nguo yangu nyeusi.

Nilikutana nao Sirisia. Shemeji alikuwa kwenye usukani na suti, mama mkwe kando yake na blanketi magotini, mifuko ya saruji nyuma. Niliingia nikakaa juu ya saruji pamoja na mke wa shemeji. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Mpaka mwisho wa lami shemeji alizungumzia petroli.

Mahali pale pale ambapo mume wangu alikuwa akisimama, mimi nilimwambia dereva, kwa upole, asimame nifunge habu. Akanijibu habu za nini, na mimi nikakumbuka, au nilijifanya nimekumbuka.

Kilima chenyewe si kirefu. Ni udongo mwekundu, una mfereji upande wa kushoto na uzio wa mkonge kulia. Gari lilipanda hadi katikati, likaanza kutikisa mkia, likasimama. Magurudumu ya nyuma yakazunguka mahali pamoja yakirusha matope. Kisha likaanza kurudi nyuma taratibu kuelekea mferejini, na yule mtu akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akavuta gia ndogo. Aliivuta kwa nguvu, kwa imani, kama mtu anayevuta kamba ya kengele. Taa ndogo ya fobaifo ikawaka mbele yake. Akakanyaga mafuta. Injini ya mume wangu ikanguruma kwa nguvu zake zote, ikinywa, ikinywa kuliko ilivyowahi kunywa mikononi mwa marehemu, na magurudumu ya mbele yakakaa kimya kama ya toroli.

"Si nimeweka fobaifo," akasema. "Mbona imekataa?"

Gurudumu la nyuma likaingia mferejini na gari likainama. Mama mkwe akaangukia mlango wake. Hakuumia, lakini blanketi liliingia matope, na ilibidi tumtoe kupitia upande wa dereva, mimi nikimshika kwapani, mwanawe, na suti yake, akimshika miguu.

Tulimweka kwenye jiwe kando ya uzio. Watu waliokuwa wakingojea juu wakateremka, na yule mzee aliyeongoza maneno siku ya kunyolewa alikuwa kati yao na mwavuli wake. Mwendesha bodaboda mmoja akapita kando yetu na abiria wawili na gunia, akaangalia, akasema, "Niaje wazee, hiyo ni fobaifo ama ni foto ya fobaifo?" Akaendelea kupanda. Watu wakacheka, hata wale ambao hawakupaswa.

Mama mkwe hakucheka. Alikuwa analitazama gari lile lililolala ubavu. Akasema kwa sauti ndogo, lakini watu walikuwa wamemzunguka kwa hiyo kila mtu alisikia.

"Mtoto wangu alikuwa ananipandisha hapa na hii gari, mvua ikinyesha kuliko hii. Nani ameiharibu?"

Shemeji akaanza kueleza mambo ya matairi. Akasema udongo umebadilika. Akasema injini za Japani zikizeeka zinapoteza nguvu.

Nilikuwa na matope hadi magotini. Sikupanga kusema. Lakini watu walikuwa wale wale, wamesimama mahali pamoja, na mzee alikuwa pale.

"Mama, haikuharibika," nikasema. "Chuma chake cha mbele kiko nyumbani unapoishi. Kinashikilia mgomba nyuma ya jikoni."

Mama mkwe akamgeukia mwanawe. Alikuwa akiupita mgomba ule kila siku akienda msalani.

"Kile chuma?" akauliza. "Kile ninachoshika nikipita?"

Shemeji alijibu kwamba kilikuwa kinakula petroli. Hakuna aliyecheka safari hii. Mzee alifunga mwavuli wake, sijui kwa nini, mvua bado ilikuwa inanyesha. Akaniuliza, kwa Kiswahili ili nisikie vizuri, kama kuna neno lolote la siku ya kunyolewa ninalotaka lirudiwe. Nikasema ninalo. Nikasema walisema mimi siendeshi, na ni kweli, siendeshi, lakini hata aliyepewa haendeshi, anahesabu tu. Nikasema naomba gari na chuma chake. Sikusema zaidi ya hapo. Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa.

Saruji ilipandishwa kichwani na migongoni. Kaburi lilitiwa saruji siku hiyo, limekaa vizuri, upande mmoja uko chini kidogo. Tulipomaliza, watu wakaketi, na neno likarudiwa. Wengine walinung'unika, na yule aliyesema watu wa kwetu huolewa na mali alisema tena, lakini mama mkwe alisema gari ni la nyumba ya marehemu na nyumba ya marehemu ni mimi, na aliposema hivyo akaomba chai, kana kwamba hapajawahi kuwa na shauri.

Nilikwenda Bungoma mwenyewe kukichukua kile chuma. Shemeji hakuwepo, alikuwa ofisini, au alisema yuko ofisini. Mke wake alinipeleka nyuma ya jikoni. Chuma kilikuwa kimeshika kutu na kimezama kwenye udongo. Nilipokivuta, mgomba ukainama polepole ukaangukia paa la banda la kuku na mkungu wake wote, ambao bado ulikuwa mbichi. Mke wa shemeji akautazama, akanitazama, akaniambia nichukue na ndizi pia. Nilichukua chuma tu. Nilikibeba begani hadi stendi, na kondakta akaniuliza kama ni bunduki.

Fundi wa Kitale alikisafisha na kukirudisha kwenye gari, lililokuwa limeshatolewa mferejini. Yule kijana wa chama cha wafugaji sasa analikodi gari, na Jumamosi ananifundisha kuendesha kwenye uwanja wa kanisa, Matisi. Bado nazimikiwa na injini kila mara. Anapopanda Cheptais siku ambazo sina nyanya huwa nakwenda naye. Mwisho wa lami nashuka na mabuti, nazungusha upande wangu, napita mbele ya taa, nazungusha upande wa pili. Kijana alishaniambia hahitaji msaada, anaweza kushuka mwenyewe. Nikamwambia najua.

Juzi tulikuwa tunatia petroli na mwanamume mmoja mwenye tumbo akalizunguka gari, akagonga lile tao la plastiki juu ya gurudumu. Akamuuliza kijana, si mimi, "Hii ni ile kubwa. Inakunywa ama inanusa?"

"Inakunywa," nikamjibu mimi, nikampa mwenye pampu pesa.